Wifi Anajifunza Bao Langu

Waliokosa gazeti la wiki iliyopita, au waliofungia viatu kabla ya kulisoma, nitawapa kwa mkato. Goti langu lilikatika. Klabu ikaniaga kwa makofi na kikombe cha plastiki. Mume akaniaga bila hata makofi. Nikaishia kwa dobi, nanyoosha mashati ya wanaume ambao zamani walilipa kiingilio ili waje kunizomea.

Kuna msomaji amempigia mhariri simu, eti haiwezekani mikosi yote hiyo impate mwanamke mmoja. Ndugu yangu, ukiona imezidi, njoo tugawane.

Wengine wameuliza kwa nini mpirani niliitwa Pua. Leo mtajua. Na leo nitasema jambo ambalo sijapata kulisema kwa mtu, si kwa mama yangu, si kwa mume nilipokuwa naye. Mhariri amenihakikishia kwamba ndugu zangu hawasomi gazeti hili. Mhariri ni mtu mzuri, ila hawajui ndugu zangu.

Basi. Jumatatu asubuhi nipo kazini, mvuke umejaa chumba kizima, mashuka ya hoteli yamelundikana mpaka dirishani. Mlango ukafunguliwa, akaingia wifi yangu, mke wa kaka.

Mnamjua. Hata kama hamkujua kwamba ni wifi yangu, mnamjua. Ni yule wa kwenye mabango ya sabuni, amekanyaga mpira, anacheka. Umeme. Mguu wa Kushoto wa Dhahabu. Yule aliyefunga lile bao la fainali ambalo watu wazima wakilisimulia lazima wasimame na kuonyesha kwa mguu, wengine wanaangusha glasi.

"Wifi, za hapa?"

"Za hapa ni joto. Za kwenu?"

"Nzuri. Mama anakusalimu."

"Mama yangu mimi?"

"Ee, mama. Jana alishinda kwetu."

Kwangu mama hajafika tangu nihamie, anasema ngazi zinamchosha. Kwa wifi kuna ngazi nyingi kuliko kwangu, ila zile hazichoshi.

Akatoa mfuko. Ndani ya mfuko karatasi laini, ndani ya karatasi jezi, namba kumi na moja mgongoni.

"Naomba uinyooshe kwa mkono wako mwenyewe, usimpe mtu. Jumamosi uwanjani kuna sherehe, Mwenyekiti wa klabu anataka niivae."

Nikaitandaza mezani. Pasi nikaishika hewani kwanza, maana kitambaa kile kikiungua ndiyo basi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Bao lile nilifunga mimi.

Msicheke. Mimi, Pua.

Siku zile timu ya wanawake ilikuwa na seti moja tu ya jezi, tena tumerithishwa na wanaume, zinatufika magotini. Za akiba hazikuwepo. Katika fainali ile mimi nilivaa sita. Wifi, ambaye wakati huo hakuwa wifi bali mwenzangu tu, alivaa kumi na moja. Kipindi cha pili kocha akamtoa, kwa sababu alikuwa hajagusa mpira tangu waliposalimiana na refa. Akaenda benchi, akajifunga taulo mabegani, akaanza kula chungwa.

Haukupita muda, beki mmoja akanishindilia kiwiko cha pua. Damu ikatiririka mpaka kwenye kaptura. Refa akanitoa nje. Sheria ndivyo ilivyo mpaka leo: mwenye damu kwenye jezi harudi uwanjani mpaka abadilishe. Kocha akamuuliza mtunza vifaa jezi ya akiba iko wapi. Mtunza vifaa akacheka. Refa akasema, "Vaa yoyote, mradi haina damu."

Nikamvua mwenzangu ile kumi na moja, chungwa bado liko mdomoni, nikaivaa, nikarudi.

Dakika za mwisho mpira ukanijia upande wa kulia, nje kidogo ya boksi. Nikauzungusha kwa kushoto. Ukaenda kona ya mbali, juu kabisa, kipa wao hakujisumbua hata kuruka.

Mtangazaji wa redio alikuwa amekaa juu ya paa la choo, nyuma ya goli la upande wa pili. Hakuona nani ametoka wala nani amebadili nguo. Aliona namba. Akapaza sauti: Umeme, Umeme, Umeme. Mpiga picha naye akatupiga kwa nyuma: kisogo, kumi na moja, mguu wa kushoto hewani. Picha hiyo mnayo majumbani.

Mtauliza, kwani mwenye jezi hakukanusha? Hata mimi nilimuuliza, mtasikia alivyonijibu. Kipenga cha mwisho kilipolia mimi nilipelekwa zahanati kunyooshwa pua. Nikarudi na pamba puani, nikamkuta amebebwa mabegani. Wenzetu walijua, walicheka mpaka wakakaa chini. Kocha akasema timu imeshinda, bao ni la wote, hayo ya namba tutayarekebisha kesho.

Kesho yake gazeti likatoka. Si hili, hili lilikuwa bado halijazaliwa, ila tabia ni zile zile. Kapteni alikwenda kwa mhariri wao kueleza, akajibiwa kwamba picha haidanganyi.

Yeye akapata jina la Umeme. Mimi pua ilipona ikiangalia pembeni, nikapata jina la Pua. Mwezi ule ule Umeme akastaafu, akiwa kileleni, na hakupiga tena mpira mbele za watu. Wakasema ana hekima. Mimi nikaendelea kucheza mpaka goti likakatika, mbele ya mashabiki wachache na mbwa mmoja.

Halafu kaka yangu akampenda. Alimpenda redioni, kabla hajamtia machoni. Jamani, kaka yangu alioa bao langu. Sasa niseme lini? Siku ya posa? Siku ya harusi, nimeshika mshumaa? Nilijipa moyo nitasema mambo yakitulia. Yakatulia, wakazaa.

Mtoto huyo leo ni binti wa sekondari, mrefu kuliko baba yake, na ni golikipa. Golikipa wa timu yangu. Maana kila jioni nikitoka kwa dobi nafundisha timu ya wasichana ya klabu ile ile iliyoniaga kwa kikombe, bila mshahara, kwa filimbi yangu mwenyewe. Ananiita shangazi. Mimi namwita Kipa. Juu ya kitanda chake ametundika ile picha ya mama yake, yaani kisogo changu.

Sasa turudi kwenye mvuke.

Wifi alifunga mlango, akageuza kile kibao cha "Tumefungua" kikaangalia ndani.

"Kuna jambo lingine, wifi."

"Sema."

"Mwenyekiti anataka nilifunge tena."

"Ulifunge nini?"

"Bao."

Niliweka pasi wima. Akanieleza. Kampuni ya sabuni iko tayari kuilea timu ya wasichana: viatu, usafiri, na kocha wa kudumu mwenye mshahara. Ila bosi wao, utotoni, alilisikia bao lile redioni akiwa kwa bibi yake. Anataka alione kwa macho. Wakati wa mapumziko ya mechi ya siku hiyo mpira utawekwa pale pale, kipa atakaa golini, Umeme atapiga. Wakimaliza kupiga makofi, Mwenyekiti atamtangaza kocha.

"Kocha nani?"

Akaangalia mashuka. "Mimi."

"Wewe unajua mazoezi yetu ni saa ngapi?"

"Sijui hata ni siku gani, wifi. Wanataka jina tu."

Hapo ndipo roho iliponiuma. Bao nilishazoea kulikosa, ni kama jino lililong'olewa, ulimi unapita tu. Lakini wasichana wale? Nimewakusanya mmoja mmoja. Nimekaa kwenye makochi ya mama zao nikiapa kwamba mpira hauzuii mtoto kuzaa. Beki wangu wa kati alikuwa anaogopa mpira, nimemtoa uoga huo kwa kumrushia machungwa mabovu. Nilitaka ukocha ule kuliko nilivyowahi kumtaka mume, na mume nilimtaka sana, wasomaji wa zamani ni mashahidi.

"Na mimi?" nikauliza.

"Ndiyo nimekuja. Nifundishe kupiga kwa kushoto. Nikifunga, watanitangaza, nitashika kipaza sauti, nitasema nakuachia wewe ukocha. Mbele ya watu wote. Watapiga makofi zaidi."

Alikuwa ameshawaza mpaka makofi.

"Na usipofunga?"

"Bosi wa sabuni ataondoka na sabuni yake. Mimi nitachekwa. Kaka yako atachekwa. Mtoto..."

Hakumaliza. Alijua hapo pananitosha.

Nikakubali. Nimekubali mambo mengi ya kijinga katika hadithi hii, mmeyasoma, lakini hili nalipa nafasi ya kwanza: nilikubali kumfundisha mwizi namna ya kubeba alichoiba.

Tulifanyia mazoezi nyuma ya ghala la mbao, asubuhi kabla sijaingia kazini, mahali ambapo hakuna mtu anayemtambua mtu. Alikuja na miwani ya jua na raba nyeupe.

"Piga tu, nikuone," nikamwambia.

Akapiga kwa kushoto. Mpira ulibaki pale pale, yeye akaenda.

"Inuka. Mguu wa kulia weka pembeni ya mpira, si juu yake."

Akapiga tena. Safari hii mpira uliondoka, ukaingia chini ya lori la mbao, tukalala kifudifudi wote wawili kuutoa kwa fimbo. Mguu wake wa kushoto, Mungu anisamehe, ulikuwa wa kusimamia tu. Mguu wa Dhahabu ulikuwa haujawahi hata kufungua mlango.

Siku ya pili alijikwaa mara chache. Siku ya tatu, tukiwa tumekaa juu ya magogo, anajikanda paja, nikamuuliza.

"Siku ile, kwa nini hukusema?"

Alifikiri kweli, hilo nampa. "Hawakuniuliza kama nimefunga."

"Walikuuliza nini?"

"Waliniuliza najisikiaje. Nikawaambia najisikia vizuri sana."

"Basi?"

"Nilikuwa najisikia vizuri, wifi. Si tulikuwa tumeshinda?"

Mtu akikujibu hivyo, akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi, utamfanya nini? Nilitaka kumchukia, nikajikuta namwonyesha tena mahali pa kuweka mguu. Kufikia Alhamisi alikuwa akipiga mpira unafika golini. Unafika polepole, umechoka, unadunda, lakini unafika. Kilichobaki ni kipa kukaa mbali nao.

Kwa hilo Mwenyekiti alishamaliza. Ijumaa mazoezini Kipa akanivuta pembeni, glovu kwapani.

"Shangazi, nimeambiwa niruke kushoto. Eti niuache mpira upite kulia."

"Basi ruka kushoto."

"Si uongo huo?"

"Ni maonyesho, mwanangu. Watu wa sabuni wafurahi."

"Mama hajawahi kunipigia mpira hata siku moja," akasema. "Kila nikimwomba anasema mguu umestaafu. Nilitaka kesho nijaribu kuuzuia, mara moja tu. Nijue ulikuwaje."

Nikainama kufunga kamba za viatu, ambazo zilikuwa zimefungwa.

Jumamosi ikafika. Uwanja umejaa. Nyuma ya goli la kaskazini wametundika ile picha, kubwa kama ukuta wa nyumba: kisogo changu, namba yake, mguu wangu. Chini yake wamechora kipande cha sabuni.

Nilikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo na wifi, namfunga soksi. Jezi imenyooka, haina hata kunyanzi, kazi yangu hiyo. Kampuni ilikuwa imemletea njumu mpya zinazong'aa. Nilimwambia asizivae kwenye vigae, asubiri afike kwenye majani. Lakini mlangoni alitokea kijana wa televisheni na kamera, akasema, "Mama Umeme, tupungie kidogo."

Akasimama kupunga.

Njumu na vigae vyenye maji haviivi chungu kimoja. Mkono ulikuwa bado unapunga alipokwenda chini. Tulisikia kifundo cha mguu kikilia, ko. Kwa bahati kijana wa kamera alishaondoka kumfuata bosi wa sabuni, maana alitaka tu mkono.

Mwenyekiti akaingia. Huyu ni mtu ambaye alichukua klabu juzi juzi, mpira ameujulia ofisini. Akamkuta Umeme kwenye benchi, mguu unavimba ukiutazama.

"Piga wa kulia au wa kushoto, sijali, lakini simama," akamwambia.

Wifi akajaribu kusimama. Akakaa, machozi yakamtoka.

Mwenyekiti akazunguka chumba. Akafungua bomba, akalifunga. Mapumziko yalikuwa yameshaanza, tunamsikia mtangazaji nje akiwachemsha watu. Ndipo akaniona. Muda wote tangu aje ninafundisha timu yake, nadhani ndiyo mara ya kwanza kunitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Nyie mnalingana urefu," akasema.

"Na nani?"

"Na umbo pia, ukitazamwa kwa nyuma. Kamera ziko ng'ambo. Jukwaa liko mbali. Tutakuvika kofia. Wewe huwa unapigapiga mpira na hao watoto, si ndiyo?"

"Huwa napigapiga."

"Kwa kushoto unaweza?"

Wifi alikuwa amejifunika uso kwa taulo.

"Naweza kujaribu," nikasema.

"Jitahidi kuiga. Hatutegemei upige kama yeye, hakuna anayeweza kupiga kama yeye. Lakini angalau uunyanyue mpira."

Wapenzi wasomaji, nimepigwa viwiko vingi uwanjani. Hicho kiliniingia chini ya mbavu, na nikakipokea kwa heshima zote. Nikamwambia, "Nitajitahidi, Mwenyekiti."

"Ukifunga, ukocha ni wako wewe: nitamtangaza yeye leo, Jumatatu nitasema amekukabidhi. Neno langu hilo. Ukikosa, mimi sikujui, na hiyo timu naivunja, maana bila sabuni sina cha kuilisha."

Akatoka kwenda kutafuta kofia. Tukabaki wawili. Wifi akaivua jezi, ikabidi nimsaidie mkono wa kushoto, kama siku ile. Safari hii hakukuwa na chungwa.

"Wifi, nakuomba," akasema.

"Unaniomba nini? Nifunge au nikose?"

Akajifuta pua kwa taulo. "Mtoto yuko golini," akasema, sauti imekwisha. "Asijue. Hilo tu."

Nikaivaa.

Mwenyekiti alinivika kofia mpaka nyusi, akanisukuma mlangoni. Nikatoka nimeinamisha kichwa. Mtangazaji akapaza: Umeme! Uwanja mzima ukasimama, wanawake kwa wanaume, wakaliimba jina hilo kwa mapigo ya mikono. Nilisikia raha, siwafichi. Nilisikia raha mpaka machozi yakanitoka chini ya kofia, kisha nikakumbuka nani wanamwimba, nikasikia hasira, kisha raha tena. Goti likawa linaniuma katikati ya hayo yote, halina habari na siasa.

Mpira ulikuwa umewekwa pale pale, upande wa kulia, nje kidogo ya boksi. Golini Kipa ananichekea. Alikuwa amechana nywele vizuri kwa ajili ya siku hiyo. Akanipungia kidogo, kwa glovu, vile binti anavyompungia mama yake.

Nikauweka mpira sawa. Nikarudi nyuma, nikajivuta pembeni kama anavyojivuta mtu wa kushoto, nikapanga mguu.

Tabasamu la Kipa likakatika.

Alinitazama mguu. Mtoto huyu nimempigia mipira kila jioni tangu glovu zilipokuwa zikimvuka mikononi. Akageuka nyuma yake, akaitazama ile picha kubwa kama ukuta. Akanigeukia. Akaitazama tena. Nadhani maisha yake yote alikuwa na picha hiyo chumbani na mguu wangu uwanjani, na hakuna siku vitu hivyo viwili vilikuwa mbele yake kwa pamoja.

Akaacha goli, akaanza kuja. Watu wakadhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi. Mtangazaji akasema binti anakwenda kupokea baraka za mama. Pembeni mwa uwanja Mwenyekiti alikuwa anamfanyia ishara arudi, mikono yote miwili.

Akafika. Akainama akanichungulia chini ya kofia.

"Shangazi."

"Rudi golini."

"Mama yuko wapi?"

"Ameteguka kifundo, yuko ndani, hajambo. Rudi, Kipa, watu wanatuangalia."

Hakurudi. Macho yalikuwa makavu. "Ile picha ni nani?"

Nilitafuta uongo. Kwa muda wote niliokaa na jambo hili ningekuwa na uongo tayari, umekunjwa vizuri, umepigwa pasi. Sikuwa nao hata mmoja. Nikasema, "Kapige kazi yako, mwanangu, tutaongea nyumbani."

"Nimekuuliza ni nani."

Nikautazama mpira. Mtoto aliyelelewa golini anajua kusoma mtu kabla hajapiga. Akasoma.

"Niliambiwa niruke kushoto nimwachie mama," akasema polepole, akivuta glovu moja, kisha ya pili. "Wewe si mama. Kama bao lile ni lako, shangazi, lifunge kwangu."

Akageuka, akaenda zake. Hakutazama jukwaa, hakumtazama Mwenyekiti. Alipofika mstarini hakusimama katikati. Alikwenda upande wake wa kulia, kona ile ile inayoonekana pichani, akasimama kwa ncha za vidole, akanyoosha mikono juu mpaka akaugusa mwamba. Nilimfundisha mwenyewe kuuzuia mpira wangu pale, na kwa miezi ya karibuni alikuwa anauzuia.

Upande wa pili wote akauacha wazi. Hapo hata wifi yangu angefunga, ukocha ukawa wangu; bao langu lilikuwa kona ile nyingine.

Refa akapuliza filimbi.